UZI: Kilwa hadi Msimbati kwa gari la kulala na tela: mchanga, bamvua na fukwe za kuogelea kweli

#1 Kipepeo wa Mindu

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoijua pwani ya Kusini. Gari ni Hiace ndefu ya dizeli, inavuta nyuma tu, ndani ina kitanda na friji ya 12V. Nyuma kuna tela la tairi mbili lenye hema, jiko, viti na madumu ya maji. Likijaa ni kama kilo 700. Watu wazima wawili, watoto wawili. Safari ni Agosti: Dar, Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara, mwisho Msimbati na Ruvula.

Tela lifike mpaka wapi? Upepo wa matairi uwe kiasi gani kwenye mchanga? Tulale wapi bila kusumbuana na wenyeji? Maji, umeme? Na fukwe zipi ni za kuogelea, zipi ni za picha tu? Wale wa "mtafurahi sana mkuu" naomba wakae pembeni kidogo, nahitaji namba.

#2 Mtu wa Nangurukuru

Karibu Kusini mkuu. Barabara kuu ni lami: Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa (mita 970, lilifunguliwa 2003), Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mingoyo, Mtwara. Jumla kama kilomita 560. Nangurukuru iko kwenye 300 hivi. Hapo unakata kushoto kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, kilomita thelathini na kidogo. Nangurukuru hadi Lindi weka 160, Lindi hadi Mtwara 110.

Usipige hesabu ya muda kwa kilomita. Vijiji vimepangana, kila kijiji kina 50 yake na matuta yake, na mengine hayana rangi wala kibao. Ukiwa na tela, Dar hadi Masoko ni mchana mzima. Toka saa kumi na moja alfajiri. Usiku usiendeshe: lori likiharibika linawekewa matawi barabarani, na taa zako zikiyaona wewe umeshafika.

Kipande cha kuulizia kabla ya kuondoka ni Somanga hadi Matandu. Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara huko Kilwa, Kusini ikabaki haina njia ya Dar kwa siku kadhaa. Agosti ni kiangazi, mafuriko hayatarajiwi, ila panapotengenezwa daraja huwa kuna njia ya mchepuko ya udongo, na tela linaruka humo vibaya. Pita mwendo wa mtu anayetembea.

Mafuta: Kibiti, Nangurukuru, Lindi, Mtwara. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Msimbati nenda na tangi limejaa. Ya kwenye chupa huyajui yamechanganywa na nini.

#3 Fundi Difu

Nijibu la tela, kwa sababu ndilo litakaloamua safari yote.

Kwanza uzito wa mbele. Tela la kilo 700 linatakiwa kukandamiza kichwa cha kuungia kwa kilo 50 hadi 70. Kupima ni rahisi: weka mizani ya kupimia watu, juu yake gogo linalofikia urefu wa kichwa cha kuungia, shusha shingo ya tela pale, soma. Chini ya 50, tela litaanza kutikisa mkia ukifika 80. Zaidi ya 80, nyuma ya Hiace inakaa, mbele inakuwa nyepesi na usukani unapoteza nguvu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 peke yake, kwa hiyo yakae juu ya ekseli, yasogee mbele kidogo tu. Watu wengi huyapanga kwenye mlango wa nyuma wa tela kwa sababu ndiko mkono unakofika, na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Likianza kutikisa mkia: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, usikanyage breki, usijaribu kulifuata. Mwendo ukishuka linatulia lenyewe.

Pili, beringi. Hizi ndizo zinazolaza watu njiani. Kabla ya safari fungua habu zote mbili, osha, paka grisi mpya ya beringi, weka sili mpya. Kaza nati mpaka gurudumu ligome kidogo, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza, ndipo upige pini. Beba beringi za akiba seti moja, sili mbili, pini na kopo dogo la grisi. Kila mkisimama gusa habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Usipoweza kuacha mkono hapo sekunde tatu, kuna tatizo: grisi imekwisha au nati imekazwa mno.

Na usirudishe tela kwenye maji ya bahari likiwa limetoka kutembea. Habu ya moto ikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Hutaona chochote siku hiyo. Baada ya wiki mbili beringi inalia.

Tatu, barabara ya Mingoyo hadi Mtwara. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokwenda bandarini, ya saruji na, msimu ukifika, ya korosho yamekandamiza lami. Panapokuwa na mifereji ya matairi, upana wa ekseli ya tela lako haulingani na wa lori, kwa hiyo gurudumu moja linakaa ndani ya mfereji na jingine linapanda ukingo. Tela linavutwa upande. Sitini inatosha kipande hicho.

Trafiki wataangalia: tela lina usajili wake na namba yake, taa za breki na indiketa za tela zinawaka, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto. Waya wa taa za tela uchunguze kila asubuhi; chumvi inakula shaba pale kwenye soketi.

#4 Kipepeo wa Mindu

Asante sana fundi. Na mchanga wa Msimbati je, tela lisifike kabisa?

#5 Mama Ruvula

Lisifike Ruvula, mwanangu. Msimbati kijijini linafika.

Kutoka Mtwara unapita Mangamba, halafu Madimba penye mtambo wa kuchakata gesi, halafu Msimbati. Mpaka hapo njia inapitisha magari mazito ya gesi, hivyo ni pana na inashindiliwa. Ukishapita kijiji kuelekea Ruvula ndipo mchanga unapoanza, njia ya mistari miwili ya matairi kati ya minazi na mikorosho, na Agosti ni mkavu unaotiririka. Gari linalovuta nyuma tu, limebeba kitanda na friji, halafu linakokota tairi mbili zinazolima mchanga kama jembe, halifiki.

Weka tela kwenye nyumba ya wageni yenye uzio Mtwara mjini au Mikindani. Kubalianeni bei kwa kila usiku kabla hujalifungua. Mbebe hema, maji na chakula cha siku mbili au tatu kwenye gari.

#6 Korosho Ghafi

Mama Ruvula, kwa heshima, hata hiyo Hiace bila tela mimi naiwekea alama ya kuuliza Ruvula. Mpaka Msimbati sawa. Kutoka hapo kodi gari la mwenyeji linalovuta miguu yote minne, au bodaboda mbili na mizigo. Mgeni akikwama saa nane mchana anaita trekta, na bei ya trekta inapangwa akiwa ameshazama.

#7 Mama Ruvula

Nakubali kwa mtu asiyewahi kuendesha mchangani. Akipunguza upepo vizuri na akaenda asubuhi mchanga ungali na umande, inapita. Ajitathmini mwenyewe.

#8 Fundi Difu

Basi tuseme ya upepo. Lami, Hiace iliyojaa: fuata kibandiko cha mlangoni, mara nyingi ni PSI 40 hivi nyuma. Changarawe mbovu: 30. Mchanga laini: anza na 22. Ikigoma, 18. Chini ya 15 usiende kwa gari zito, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona.

Kinachosaidia hapo ni urefu wa alama ya tairi. Tairi lenye 40 linakaa mchangani kwa ncha, lenye 18 linalala kwa urefu na uzito unasambaa. Kwa hiyo kununua matairi mapana na kuyaacha na upepo wa lami hakusaidii kitu.

Mnapopita: gia ya pili, mwendo mmoja, usisimame kwenye laini, usikate kona kali. Ukitaka kusimama, acha gari lijisimamie lenyewe bila breki, maana breki inatengeneza kilima mbele ya kila tairi. Ukiona tairi la nyuma linazunguka bila kwenda, toa mguu pale pale. Sekunde tano za ziada za mafuta zinashusha difu mpaka mchangani, na difu likishakaa chini koleo ndilo linalobaki.

Kutoka: shuka wote, ondoa mchanga nyuma ya tairi zote nne na chini ya difu, shusha upepo mpaka 15, weka mbao nyuma ya tairi za nyuma, rudi kinyumenyume kwenye alama zako. Kurudi ni rahisi kuliko kwenda mbele kwa sababu njia hiyo umeshaishindilia.

Ukirudi kwenye barabara ngumu jaza upepo kabla ya kupita 40 kwa saa. Pampu ndogo ya 12V inachukua dakika tano hadi nane kwa tairi, na nyingi zinahitaji kupumzika baada ya robo saa. Injini iwe inawaka, la sivyo unamaliza betri. Kipimo cha upepo nunua cha peke yake, vile vya kwenye pampu vinadanganya.

#9 Nahodha wa Ngalawa

Mnasema mchanga, mchanga, hakuna aliyesema maji. Pwani hii ukipanga safari bila kuangalia mwezi umepanga nusu.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu: hesabu ya mwezi mwandamo tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 18. Siku hizo maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Maji mafu ni tarehe 8 hivi na 22 hivi, hapo tofauti ni mita moja na kitu.

Sasa saa. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata inachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye mambo yamegeuka: yanajaa saa nne, yanapwa saa kumi. Ukijua mwezi uko siku ya ngapi, unajua maji yako wapi bila simu. Jedwali la bandari ndilo la dakika kamili, lakini kwa kupanga kambi hii inatosha.

Kwa nini inakuhusu wewe wa gari? Ufukwe wenye mteremko wa moja kwa ishirini, maji yakipanda mita 3 yanasogea mita 60 kuelekea kwako. Ule mchanga mgumu mzuri uliouona saa nne asubuhi ukaegesha, saa tisa alasiri ni bahari.

Jinsi ya kusoma ufukwe: tafuta mistari ya mwani mkavu. Mara nyingi iko miwili. Wa chini ni mbichi, una rangi ya kahawia au kijani, una unyevu chini ukiuinua: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Wa juu ni wa kijivu, unavunjika mkononi, una vipande vya mbao na chupa: hapo ndipo bamvua lililopita lilipofika. Hema na gari vikae juu ya huo wa kijivu, kwenye majani, kusi (upepo wa kusini) ikivuma ongeza hatua kumi. Ukiona mstari mmoja tu, na ni mbichi, na uko karibu na miti, ujue umefika siku za bamvua lenyewe.

Lingine. Maji hayapandi sawasawa kwa saa sita. Saa ya kwanza kidogo, ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba nusu ya maji yote. Mliotoka kutembea kwenye mwamba na watoto, geukeni maji yanapoanza kurudi. Mkisubiri yafike magotini, nyuma yenu kuna mfereji umeshajaa.

#10 Kipepeo wa Mindu

Nahodha, hii naiandika ukutani. Sasa fukwe zenyewe?

#11 Bint Mikindani

Nitaje kwa mpangilio wa njia.

Kivinje: mji wa historia, kuna mnara wa wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa, majahazi, boma la Mjerumani. Pwani yake ni tope na mikoko. Saa mbili zinatosha, si pa kuogelea.

Kilwa Masoko: ufukwe wa Jimbizi ni wa mchanga, umetulia kwa sababu uko ndani ya ghuba. Ogeleeni maji yakiwa yamejaa au saa mbili kabla; yakipwa mtatembea mbali mkitafuta kina. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya maji tu, kwa boti ya injini ni safari fupi. Kibali kwanza ofisini Masoko, halafu boti, usifanye kinyume. Magofu hayo na ya Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Songo Mnara ni siku nzima, na boti inategemea maji kuingia kwenye mikoko. Mkifika yamepwa mtashuka kwenye tope mpaka magotini. Vaeni viatu vya kufunga, ndala zinabaki humo.

Lindi: ghuba ni nzuri kwa macho, mchanga wa mjini si wa kukaa siku nzima. Ng'ambo ni Kitunda, kuna kivuko kinachobeba magari. Mkivuka, tela liacheni Lindi. Maji yakipwa mlango wa kivuko unakaa mwinuko mkali, mkia wa tela unakwangua zege.

Kaskazini ya Lindi kuna Mchinga, ghuba tulivu sana, barabara kuu inapita karibu. Ni kijiji cha wavuvi, si cha watalii, kwa hiyo fuateni utaratibu wa kuomba.

Mikindani: jamani, tuambizane ukweli. Ni mji wa kupendeza, una boma la 1895, nyumba za mawe, milango ya nakshi, na Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho 1866. Lakini ghuba ikipwa ni tope na harufu ya mikoko. Laleni hapa, msiogelee hapa. Mtwara ni kama kilomita 10.

Mtwara mjini: Shangani ndipo watu wanapokwenda jioni. Kuna mawe ya matumbawe na majani ya bahari, viatu muhimu, maji yakijaa panaogeleka. Msanga Mkuu ng'ambo ya bandari ndiyo yenye mchanga mweupe mrefu. Kivuko ni cha muda mfupi. Kwa familia yenye watoto, hapa ni bora kuliko Ruvula.

#12 Korosho Ghafi

Naunga mkono hilo la Msanga Mkuu. Ruvula inasifiwa kwa ajili ya wapiga mbizi: kina kinaanguka karibu kabisa na ufukwe, matumbawe yako pale pale. Kwa mtoto ndiyo hatari yenyewe. Na maji yakipwa mkondo unatoka kwenye mlango wa ghuba kwa nguvu. Waogelee wakati maji yamejaa na kusimama, wakiwa wameshikwa, basi.

#13 Mama Ruvula

Sawa. Ila nyangumi wa nundu wanapita kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, na Agosti ukikaa ufukweni Msimbati asubuhi kabla kusi haijachafua maji, unaweza kuona pumzi zao kwa macho. Hilo Msanga Mkuu sijui kama mnalo.

Utaratibu wa huku: eneo lote liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ada hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si taslimu mkononi mwa mtu, na risiti mtaulizwa. Gari lisitembee kwenye mchanga wa ufukweni: kasa hutaga juu ya mstari wa maji, na tairi linalishindilia shimo mpaka vitoto havitoki. Usiku zimeni taa zinazoelekea baharini.

Miundombinu ya gesi msipige picha, wala kurusha droni. Vitambulisho vya watu wazima viwe mkononi, NIDA au pasipoti. Huu ni mpaka wa Msumbiji, na tangu shambulio la wanamgambo kijijini Kitaya Oktoba 2020 vyombo vya usalama huuliza wageni maswali. Jibuni kwa utulivu, mtapita.

#14 Mtu wa Nangurukuru

Kuhusu kulala vijijini: mnaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, mnaandikwa kwenye daftari la wageni, halafu mnaonyeshwa mahali. Nendeni kabla ya saa kumi jioni. Mkifika giza limeingia, hata mtu mwema hana namna ya kuwaamini. Msiegeshe kwenye diko, hata kama pako wazi na safi. Saa kumi na moja alfajiri mashua zinafika, samaki wanapigwa mnada hapo, na gari lenu litakuwa katikati ya soko. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, ukipita kijijini jifunge kanga au vaa suruali. Ijumaa mchana muziki chini.

Samaki nunueni dikoni asubuhi hiyo hiyo. Msinunue matumbawe wala gamba la kasa, mkikutwa nayo ni kesi.

#15 Umeme wa Jua

Friji ya 12V ya lita 40 ikiwaka inakula ampea 4 hivi. Kwa joto la pwani inawaka karibu nusu ya muda, kwa hiyo weka ampea-saa (Ah) 45 kwa siku. Taa na simu, Ah 10. Jumla 55.

Betri ya asidi ya Ah 100 inakupa 50 tu bila kuiua. Yaani siku moja haijaisha vizuri. Paneli ya wati 200, saa tano za jua kamili, toa robo ya hasara: 200 × 5 × 0.75 ni Wh 750, gawa kwa 12 unapata Ah 62. Inatosha, kwa sharti moja: isiwe kivulini. Kivuli cha kuti moja la mnazi kinashusha paneli nzima. Hapo ndipo watu wanapoegesha chini ya mti kwa ajili ya baridi, halafu wanalalamika friji imezima. Paneli iwe ya kubebeka yenye waya wa mita 8 hadi 10, waya mnene wa mm² 6, gari likae kivulini na paneli ikae juani. Futeni vumbi la chumvi kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji baridi.

Friji ijazwe usiku, ifunguliwe mara chache, na samaki mbichi asiingizwe akiwa na joto la mchana. Mpoze kwanza kwa barafu ya sokoni.

#16 Korosho Ghafi

Kivuli nacho kina maneno yake. Chini ya mnazi hapana, dafu la kilo mbili halipigi hodi.

Chini ya mkorosho: Juni hadi Agosti na kuendelea ndio wakati wa kupuliza salfa, unga wa dawa ya ukungu. Wakulima wanaanza alfajiri umande ungalipo ili unga ushike majani, na mashine inarusha wingu la njano juu ya mti mzima. Mkiwa mmelala chini au upande wa upepo, macho yanawaka, kifua kinabana, na chakula kilicho wazi kinaingia unga. Dalili ni rahisi: paka kidole kwenye jani, ukiona njano na harufu ya kiberiti, hameni, au muulize mwenye shamba siku yake ya kupuliza. Mti bora ni mwembe au mkwaju ulio nje ya shamba.

#17 Dada wa Sudi

Usubi hamjautaja! Jioni isiyo na upepo, karibu na mikoko, wanatoka wadudu ambao chandarua cha kawaida hakiwazuii, wanapenya matundu. Mtajikuna wiki nzima. Kaeni angalau mita mia kadhaa kutoka kwenye mikoko, upande upepo unakotoka. Agosti kusi inasaidia: elekezeni pua ya gari kusini-mashariki, mlango na jiko viwe upande wa pili. Saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku vaeni mikono mirefu na soksi. Na chandarua cha malaria bado ni cha lazima.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kuosha na kujisuuza chumvi. Watu wanne ni lita 60, madumu matatu. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, vya kuogea tu. Ya kunywa jazeni Lindi na Mtwara mjini.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae wima, nje ya gari mnapolala, kila mkifunga upya paka povu la sabuni kwenye maungio. Mikoko msikate kuni, ni kosa kisheria.

#18 Kipepeo wa Mindu

Wakuu, mmemaliza. Nimepanga hivi: Masoko usiku tatu, Mchinga mmoja, Mikindani wawili na tela linabaki hapo, Msanga Mkuu mchana mmoja, Msimbati usiku mbili na gari tupu, Ruvula kwa gari la kukodi asubuhi na kurudi. Masoko tutafika mwezi 14 mwandamo. Kuna la kurekebisha?

#19 Nahodha wa Ngalawa

Masoko sawa. Tarehe 15 na 16 maji yanajaa saa kumi jioni, watoto wataogelea Jimbizi alasiri nzima, na asubuhi yamepwa, nendeni magofuni Kisiwani. Boti iondoke saa moja na nusu, kabla hayajakauka sana gatini.

Msimbati kwa hesabu yako itaangukia tarehe 20 au 21, karibu na maji mafu. Mkondo Ruvula unapungua nguvu, maji yanajaa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Umeotea vizuri. Ila ukichelewa siku nne njiani, usiende na ratiba ile ile, hesabu upya.

#20 Fundi Difu

Naongeza kimoja tu: kibao cha kuwekea jeki mchangani, plaiwudi ya sentimita 40 kwa 40. Iwe ya milimita 18. Ile ya 12 inapasuka katikati gari likiwa juu.